Kupunguza gharama za chakula cha familia: anzia jikoni, dukani baadaye

Kila anayeanza kubana matumizi ya chakula anakuja na maswali yaleyale. Ninunue wapi kwa bei nafuu? Jumla au rejareja? Nyama niiache kabisa? Halafu lile la nne, ambalo huulizwa kwa uchungu: mbona napika nyumbani kila siku na hela bado inakatika kabla mwezi haujaisha? Kujibu moja moja hakusaidii, maana majibu yanategemeana. Nimeyapanga hapa kwa hatua. Zifuate kwa mpangilio wake, usiruke.

Mpangilio wenyewe utakushangaza kidogo, kwa sababu duka linakuja hatua ya nne. Sababu ni kwamba hela nyingi ya chakula hupotelea nyumbani, baada ya kununua. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa takriban tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Ukigawanya hizo za majumbani, ni kama kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Ni kweli, hesabu hiyo imejumuisha maganda na mifupa. Hata hivyo zidisha kwa idadi ya watu wa nyumba yako, halafu ujiulize kama tatizo ni bei ya nyanya.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Simu inafaa pia, ila daftari linalokaa jikoni huandikwa na kila mtu.
- Mizani ndogo ya jikoni. Kama huna, chagua kikombe kimoja na usikibadilishe.
- Sufuria kubwa ambayo mfuniko wake unakaa sawasawa.
- Vyombo vitano au sita vyenye mifuniko inayobana. Makopo na chupa za mdomo mpana ulizomaliza yaliyomo zinatosha.
- Kisu kikali. Kisu butu hula nyama na mboga yako: unakata ganda nene, na nyama inabaki kwenye mfupa.
- Tepu ya karatasi na kalamu ya wino mzito, kwa ajili ya kuandika tarehe.
- Friji, na friza kama ipo. Bila friji bado unaweza kufuata karibu kila hatua, ila utapika kiasi cha siku hiyo na kuegemea zaidi vyakula vikavu.

Usinunue kifaa kipya chochote mwezi wa kwanza. Wengi huanza kubana matumizi kwa kwenda kununua vyombo vya kubania matumizi. Sufuria ya presha ni kifaa kizuri sana, nitaitaja mbele, lakini isubiri mpaka daftari likuonyeshe kwamba unapika vitu vya kuchemka muda mrefu.

Hatua ya 1: Andika kila kitu kwa wiki mbili bila kubadilisha chochote

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chora safu nne: kitu, kiasi, bei, na mwisho wake. Safu hiyo ya nne ndiyo yenye kazi. Andika "kililiwa", "kimebaki" au "kilitupwa". Ukitupa nusu ya kabichi, andika nusu ya bei yake. Andika pia vitafunwa vya njiani, soda, na chakula ulichoagiza usiku ule ulipochoka kupika, kwa sababu hivyo navyo ni gharama ya chakula.

*Kosa la kawaida:* kuanza kujibana siku hiyohiyo ya kwanza ya kuandika. Utapata picha ya wiki mbili za adabu, si ya maisha yako, na hutajua tundu liko wapi.

Baada ya wiki mbili, zungushia vitu vitatu vilivyogharimu zaidi na vitu vitatu vilivyotupwa zaidi. Hapo ndipo utakapofanyia kazi. Vilivyobaki viache kwanza.

Hatua ya 2: Toa kila kitu kabatini na frijini, uhesabu

Weka vyote mezani. Utakuta pakiti tatu za kiungo kimoja zilizofunguliwa kwa nyakati tofauti. Gawa mafungu matatu: cha kuliwa wiki hii, kinachoweza kusubiri, na cha kutupa.

Kabla hujatupa, soma tarehe vizuri. Kwenye vifungashio vingi kuna maneno ya aina mbili. "Tumia kabla ya" yanahusu usalama, na huwekwa kwenye vitu kama nyama mbichi na maziwa freshi, ikipita, usionje. "Bora kabla ya" yanahusu ubora: tambi, mchele, makopo na biskuti havigeuki sumu usiku wa manane wa tarehe hiyo. Vinaweza kupungua ladha au kulegea, basi. Angalia, nusa, kisha amua. Kopo lililovimba halina mjadala, tupa bila kulifungua.

Yai linaloelea kwenye maji limezeeka, kwa kuwa mfuko wa hewa ndani yake umekua. Kuelea peke yake hakuthibitishi kwamba limeoza. Livunje kwenye bakuli la pembeni. Pua itakupa jibu.

*Onyo:* nafaka, karanga na njugu zilizoota ukungu usizioshe wala kuzichambua ili uokoe nusu. Baadhi ya ukungu huo hutengeneza sumukuvu, yaani aflatoksini, na upishi wa kawaida hauimalizi. Hapa kutupa ndiko kubana matumizi, kwa sababu hospitali ni ghali kuliko gunia.

Sasa weka boksi moja mbele kabisa frijini, usawa wa macho, liandike LIWE KWANZA. Kila kinachokaribia mwisho wake kinakaa humo. Anayetafuta cha kula anaanzia humo.

Hatua ya 3: Panga milo mitano ya jioni, si saba

Mpango wa siku saba huvunjika siku ya tatu: mgeni anakuja, mtoto anaumwa, au umechelewa kurudi. Ukivunjika, mboga za siku ya sita zinaozea frijini. Panga mitano. Jioni ya sita ni ya viporo, na ya saba iache wazi; itajijaza yenyewe.

Anza na kilichomo kwenye boksi, ndipo uongeze vinavyokosekana. Wengi hufanya kinyume: wanachagua mapishi yanayowavutia kisha wanayanunulia vitu vyote, huku kabati limejaa.

Halafu pangilia kwa kufuata kasi ya kuharibika. Siku mbili za mwanzo baada ya kununua ni za mboga za majani laini, samaki na nyama mbichi ambayo hukugandisha. Katikati ya wiki ni karoti, bilinganya, pilipili hoho na mayai. Mwishoni ni kabichi, viazi, vitunguu, maharagwe na dengu, vitu visivyo na haraka. Mpango wa namna hii hauhitaji akili nyingi, na kwa nyumba nyingi ndio unaopunguza kutupa kuliko jambo jingine lolote ninalolijua.

Jaribu pishi jipya moja tu kwa wiki. Kila pishi jipya linakuja na kiungo kimoja ambacho utakitumia kijiko kimoja, kisha kitakaa kabatini mpaka mhamie nyumba nyingine.

Hatua ya 4: Tengeneza orodha yenye kiasi, na ulinganishe kwa kilo

Usiandike "vitunguu". Andika "vitunguu, kilo 1". Orodha isiyo na kiasi ni sawa na kutokuwa na orodha.

Mbele ya rafu, gawa bei kwa uzito. Chukua mfano wa tarakimu tupu, weka fedha yoyote unayotumia. Pakiti ya gramu 500 inauzwa 60. Ya gramu 900 inauzwa 117. Macho yanasema kubwa ndiyo nafuu. Hesabu inasema: 60 gawa kwa 0.5 ni 120 kwa kilo. 117 gawa kwa 0.9 ni 130 kwa kilo. Ndogo imeshinda. Simu yako ina kikokotoo, itumie bila aibu. Rudia hesabu hata kwa vitu ulivyovizoea, kwa kuwa pakiti hupungua uzito huku bei na picha vikibaki vilevile.

Bei kwa kilo ina mitego mitatu ambayo inafaa uijue.

Mtego wa kwanza ni maji. Kopo la maharagwe la gramu 400 lina kama gramu 240 za maharagwe ukishamwaga maji. Maharagwe makavu yakipikwa huongezeka uzito mara mbili na zaidi, hivyo gramu 240 hizo ni sawa na takriban gramu 100 za maharagwe makavu. Linganisha kopo moja na gramu 100 kavu, ongeza gharama ya moto, ndipo useme kipi nafuu. Kwa kawaida kavu hushinda. Lakini ukipika kidogo kwa jiko la gharama kubwa, pengo linapungua, na siku ya dharura kopo ni afadhali kuliko kuagiza chakula.

Mtego wa pili ni mifupa. Kuku mzima huonekana nafuu kwa kilo kuliko kidari kisicho na mfupa, na takriban theluthi ya uzito wake ni mifupa. Usiishie hapo, kwa kuwa mifupa hiyo ina kazi. Kata kuku huyo kwenye maungio: mapaja mawili, miguu miwili, mabawa mawili, vidari viwili, mgongo na shingo. Kisu kikikutana na mfupa mgumu, umekosea mahali. Sogeza kidogo mpaka kipite kwenye kiungo. Mapaja na miguu ni mlo mmoja wa mchuzi. Vidari vikatwe vipande vidogo na kupikwa na mboga nyingi, ni mlo wa pili. Mgongo, shingo na ncha za mabawa vichemshwe polepole na maganda safi ya karoti na kitunguu kwa saa moja na nusu hivi. Hiyo ni supu ya mlo wa tatu, au maji ya kupikia wali. Ukiitumia hivyo, ile theluthi haijapotea. Usipokuwa na muda wala nia ya kuchemsha mifupa, nunua mapaja. Kuku mzima hatakuokolea kitu.

Mtego wa tatu ni ofa. "Nunua mbili, upate ya tatu bure" ni punguzo pale tu ambapo ungenunua tatu. Kabla ya kununua kwa wingi, jiulize: kitaliwa kabla hakijaharibika? Nina mahali pakavu pa kukiweka? Hela hii iko huru, si ya kitu kingine wiki hii? Jibu moja likiwa hapana, acha. Mchele, dengu, chumvi, sabuni na mafuta kwa kawaida hupita mtihani. Viungo vya unga na mboga hufeli.

Nenda ukiwa umekula. Na kama inawezekana, watoto wabaki nyumbani. Nawapenda, lakini wana wakala wao kwenye kila rafu ya chini.

Hatua ya 5: Hifadhi siku hiyohiyo uliyonunua

Nusu saa ya kazi ukirudi kutoka dukani ndiyo inayolinda kila ulichokiokoa. Ukiweka mifuko kama ilivyo, umefanya nusu tu ya kazi.

1. Nyama: igawe kwa milo kabla ya kugandisha. Weka kila fungu kwenye mfuko, ulisawazishe liwe bapa, andika jina na tarehe. Fungu bapa huganda na kuyeyuka haraka. Bonge la kilo tatu litakulazimisha uyeyushe lote ili utumie robo. Iyeyushe ndani ya friji usiku kucha, usiiache mezani.
2. Mboga za majani: ondoa majani yaliyooza, usizioshe kama huna muda wa kuzikausha, zifunge kwa kitambaa kikavu au karatasi, ndipo ziingie kwenye mfuko. Maji yaliyobaki juu ya jani ndiyo yanayoleta utelezi.
3. Viazi: mahali penye giza, baridi kiasi na hewa. Mwanga huvigeuza kijani, na kijani hicho huambatana na sumu iitwayo solanini. Vilivyogeuka kijani sana au vyenye uchungu, tupa.
4. Vitunguu: pakavu penye hewa, mbali na viazi. Vikikaa pamoja huharibiana.
5. Ndizi, matofaa na nyanya zilizoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huivisha vingine na kuyageuza majani kuwa ya njano. Zitenge. Ukitaka parachichi liive upesi, hapo ndipo uliweke karibu na ndizi.
6. Mkate: friji huuchakaza haraka kuliko meza. Usioula leo na kesho uugandishe ukiwa umekatwa vipande, utoe kipande kimoja kimoja.
7. Nafaka na unga: chombo kinachobana, na cha zamani kiwe juu au mbele. Usimimine kipya juu ya cha zamani.

Friji iwe nyuzi joto 5 za Selsiasi au chini yake, friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiijaze friji mpaka hewa isizunguke, na mlango usiwe mahali pa maziwa, kwa kuwa hapo joto hupanda kila unapofunguliwa.

Hatua ya 6: Pima kabla ya kuweka jikoni

Kukadiria kwa macho huzaa sufuria iliyobaki nusu. Kwa mtu mzima, gramu 75 hadi 100 za mchele mbichi zinatosha kama kuna mboga na kitoweo. Ukiiva uzito wake hufika karibu mara tatu. Pima wiki moja, ujue kikombe chako kinatosha watu wangapi, ukiandike kwa tepu ubavuni mwa chombo cha mchele. Baada ya hapo hata mtoto anaweza kupima.

Hatua ya 7: Pika sufuria moja, ule mara tatu

Nitumie maharagwe, kwa kuwa ndipo maswali ni mengi. Ukiielewa sufuria hii, dengu na nyama ya kuchemsha hazitakusumbua.

1. Jioni, chambua kilo moja, ondoa mawe na yaliyotoboka. Loweka kwenye maji mengi kwa saa 8 hadi 12. Joto likiwa kali, yaweke frijini yasije yakachacha.
2. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, suuza, weka maji mapya yapite juu ya maharagwe kwa urefu wa vidole vitatu.
3. Chemsha kwa moto mkali mpaka yatokote hasa, yaendelee kutokota kwa dakika 10 kamili au zaidi.
4. Punguza moto, funika, acha yachemke taratibu mpaka yaive. Maji yanayochemka hayaongezeki joto kwa kuongezwa moto. Unaongeza mvuke na gharama tu. Mfuniko ndio unaookoa nishati.
5. Nyanya, ndimu au siki ziingie baada ya maharagwe kulainika. Uchachu huyazuia kuiva. Chumvi haina shida hiyo, hata kwenye maji ya kulowekea inasaidia kulainisha ganda.
6. Bonyeza harage kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Likisagika bila kutafunwa, zima.

*Onyo zito kwa maharagwe mekundu:* yakiwa mabichi yana sumu ya asili (lektini) inayoleta kutapika na kuharisha, na huondoka kwa kutokota kwelikweli. Sufuria za umeme zinazopika polepole zinaweza zisifike joto hilo. Yachemshe kwanza kwenye sufuria ya kawaida, ndipo uyahamishie humo.

Sasa gawa kabla hujaunga chochote, kwa sababu ukishaunga yote kwa ladha moja, familia itachoka siku ya pili. Theluthi ya kwanza iunge leo kwa vitunguu, nyanya na viungo. Theluthi ya pili weka frijini. Keshokutwa uiponde iwe supu nzito pamoja na karoti, au uichanganye na wali na mayai. Theluthi ya tatu igandishe pamoja na maji yake, kwa mafungu ya mlo mmoja. Hiyo ndiyo itakayokuokoa jioni ile ya kuchoka ambayo daftari lilikuonyesha.

Kama unapika sufuria ya namna hii kila wiki, sufuria ya presha itajilipa. Ndani yake maji hufika nyuzi joto 120 hivi, na muda wa kupika hupungua sana. Usiijaze maharagwe na maji zaidi ya nusu, kwa kuwa povu na maganda huweza kuziba tundu la mvuke.

Hatua ya 8: Viporo viwe na ratiba

Kiporo kisicho na siku yake ni takataka inayosubiri tarehe. Kikishapoa kidogo, kiweke kwenye vyombo vya kina kifupi, uandike tarehe, na kiingie frijini ndani ya saa mbili tangu kipikwe. Sufuria kubwa ikipoa yenyewe juu ya jiko usiku kucha, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na vuguvugu ndilo joto wanalolipenda bakteria. Kula ndani ya siku tatu, vinginevyo gandisha. Pasha mpaka kitoe mvuke kote, mara moja tu. Chota unachokula, usipashe chombo kizima.

Wali ni wa kuangaliwa zaidi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa nje hutengeneza sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Upoze upesi, uweke kwenye friji, uule kesho yake.

Hatua ya 9: Punguza nyama kwa uwiano, usiifute

Kuifuta ghafla huleta mgomo nyumbani. Mchuzi wa gramu 500 za nyama upike kwa gramu 300, ujazie dengu, uyoga au viazi. Kaanga nyama kwanza mpaka iwe ya kahawia, kwani ladha inatoka hapo. Ikipokelewa vizuri, wiki nyingine tenga jioni moja isiyo na nyama. Mayai, dengu na maharagwe vinaleta protini kwa gharama ndogo.

Hatua ya 10: Jioni moja kwa wiki, fungua daftari

Dakika 10 zinatosha. Nini kilitupwa? Wiki ijayo kinunuliwe nusu yake, au kisinunuliwe. Basi.

Yakikwama

*Mwezi wa kwanza nimetumia zaidi.* Ni kawaida kama umenunua akiba ya vitu vikavu. Linganisha miezi mitatu. Mwezi wa pili ukiwa juu vilevile, angalia vitafunwa na vyakula vya kuagiza, ndipo hujificha.

*Maharagwe yamechemka saa nne na bado magumu.* Ama ni ya zamani sana, ama maji yako ni magumu, yana chokaa nyingi. Ama nyanya ziliingia mapema. Chembe ya magadi soda husaidia. Ikizidi, maharagwe huwa uji wenye ladha ya sabuni. Na usinunue tena kwa muuzaji huyo bila kuuliza ni mavuno ya lini.

*Familia haitaki kiporo.* Hawakatai chakula, wanakataa kukiona kilekile. Kibadili umbo: viazi vya kuchemsha vikaangwe na kitunguu na yai, nyama iliyobaki ichambuliwe nyuzi nyuzi na kuingizwa kwenye mkate, mboga zilizobaki zisagwe supu.

*Wadudu wameingia kwenye mchele au unga.* Kama ni wachache na nafaka haina harufu wala ukungu, igandishe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne hadi saba, upepete, uitumie upesi. Osha chombo, kikauke kabisa. Nafaka mpya iingie friza kwanza kabla ya kabatini, maana mara nyingi mayai ya wadudu huja nayo kutoka dukani. Wakirudi tena, unanunua nyingi kuliko mnavyokula.

*Mboga zimenyauka.* Zitumbukize kwenye maji baridi sana kwa nusu saa, nyingi hurudi. Zenye utelezi au harufu hazirudi. Ukiona hutazimaliza, zichemshe dakika mbili, zitie kwenye maji baridi, zikamue, uzigandishe kwa mafungu.

*Mchuzi umezidi chumvi.* Kipande cha kiazi hakivuti chumvi peke yake, kinakunywa mchuzi na chumvi yake, basi. Ongeza maji, dengu au mboga zisizo na chumvi, uwe mwingi. Sasa una mlo wa kesho.

*Mwenzangu au mtoto hununua nje ya orodha.* Msibishane rafuni. Tengeni kiasi kidogo kila wiki ambacho kila mtu hununulia anachotaka bila kuulizwa, kiandikwe kwenye daftari kama kitu kingine chochote. Kikiisha, kimeisha mpaka wiki ijayo.

*Sina muda wa haya yote.* Fanya hatua ya 3 na ya 5 tu kwa mwezi mmoja. Nyingine zitasubiri.